Bi. Nani Vile?

Siku mshenga aliposoma jina la ukoo wa mchumba wangu mbele ya wazee, sebuleni kwetu Tukuyu, baba yangu alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena.

"Bwana mshenga," akasema taratibu, "hebu rudia."

Mshenga akakohoa. "Shafulibotomu, mzee."

Wajomba na shangazi zangu walikaa kimya, kama ilivyo kawaida ya wazee kwenye posa. Kwao lilikuwa jina la Kizungu tu, refu kidogo. Lakini baba alifundisha Kiingereza sekondari kwa miaka 31 kabla ya kustaafu. Yeye alilielewa lote. Na mdogo wangu Subira naye alilielewa, maana nilimsikia akikimbilia jikoni huku amejiziba mdomo na kanga.

Mpenzi msomaji, kama Kiingereza chako kimekaa sawa, bila shaka umeshaanza kutabasamu. Jina la ukoo wa Peter, mwanaume niliyempenda kuliko wote, ni Shufflebottom. "Shuffle" ni kutembea kwa kuburuza miguu, au kuchanga karata. "Bottom" ni chini, ila mtaani kwao ni makalio. Sasa unganisha mwenyewe. Mimi ndiye niliyekuwa natakiwa kuwa Bibi Buruza-Makalio, na si kwa wiki moja, ni kwa maisha yangu yote.

Ilikuwa mwaka 2014. Peter alikuja Tanzania kama mhandisi wa maji, tukakutana Mbeya, mimi nikiwa nimetoka chuo na shahada yangu ya mawasiliano, naandika habari za miradi ya visima. Siku ya posa alikuwepo, jambo ambalo si kawaida sana, lakini wazee walitaka kumwona kwa macho yao. Alikaa karibu na mlango, shati limemshika kwa jasho.

Baba akamgeukia. "Kijana, jina lenu lina maana gani?"

Peter akawa mwekundu hadi masikioni. "Mzee, kusema kweli sijui. Ninachojua ni kwamba watu hucheka."

Baba akatikisa kichwa. Akasema kwetu sisi Wanyakyusa jina ni njia. Ukisema wewe ni Mwa-fulani, hiyo "Mwa" ni kama kusema "wa kwa fulani". Mzee akilisikia tu ataanza kukuuliza ulitokea upande gani wa mlima na babu yako ni nani. "Mimi simkatazi binti yangu," akasema. "Ila mtu asiyelijua jina lake atawaachia nini watoto? Nenda ukaulize kwenu. Ukirudi, tutazungumza habari ya mahari."

Posa ikaishia hapo. Soda zikanywewa, ndizi na nyama zikaliwa, watu wakaaga kwa heshima. Mimi moyoni nilikuwa nawaka. Nilimwona baba ametuaibisha kwa jambo la utani.

Kila asubuhi darasani

Njiani kurudi Mbeya Peter hakusema neno hadi tulipofika Kiwira. Halafu akaanza kunisimulia mambo ambayo kwa miaka miwili ya uchumba hakuwahi kuyagusa.

Alikuwa na miaka minane. Kila asubuhi mwalimu alipofika kwenye jina lake wakati wa kuita daftari la mahudhurio, wavulana wa nyuma walishuka kwenye viti wakajiburuza sakafuni kwa makalio. Kila asubuhi, jamani! Mwalimu mwanzoni alikuwa anakemea, baadaye akawa anacheka nao. Alipofika sekondari alijifunza kulitaja jina mwenyewe kwa mzaha kabla mwingine hajalitaja. "Nikicheka wa kwanza, hainiumi sana," akaniambia.

Kisha akanipa siri kubwa zaidi. Kwenye droo yake ya mezani kulikuwa na karatasi ya kubadili jina. Uingereza jambo hilo ni rahisi. Mtu mzima anaandika hati kwamba ameacha jina lake la zamani na sasa ataitwa hivi, anasaini mbele ya mashahidi, basi. Peter alikuwa ameijaza tayari, amechagua jina la upande wa mama yake, Hill, yaani kilima. Zilibaki saini tu. Alitaka iwe zawadi yangu ya harusi.

Sitakuficha, msomaji wangu. Nilishusha pumzi. Bibi Hill! Jina fupi, safi, linaingia hata kwenye fomu za benki bila kubanana. Usiku ule nililiandika mara kumi nyuma ya daftari langu, nikajaribu na saini yake. Nikamwambia asubiri kidogo tu, twende kwanza kwao tukamsikilize mama yake, halafu amalize.

Duka la nyama

Agosti 2015 tukatua Manchester. Kutoka pale mjini unapanda tramu kuelekea kaskazini hadi Bury, mji wa zamani wa viwanda vya pamba uliopo katika eneo la kihistoria la Lancashire. Kwenye uwanja wa katikati ya mji pana sanamu ya Robert Peel, mzaliwa wa hapo, aliyeanzisha polisi wa London mwaka 1829. Mpaka leo polisi wa Uingereza huitwa "bobby", kwa sababu Bobby ni kifupi cha Robert. Nikajisemea, haya, mwenzetu huyu jina lake limekuwa sare, sisi letu limekuwa kichekesho.

Mama mkwe alitupokea na chai na soseji nyeusi ya damu, chakula ambacho watu wa Bury wanajivunia nacho hasa. Nilikula. Mkwe wa Kinyakyusa hasusi chakula cha mama mkwe.

Baba mkwe alikuwa ameshafariki. Maisha yake yote alikuwa na duka la nyama, na picha ya duka hilo ilitundikwa ukumbini. Juu ya mlango, kwa herufi za dhahabu, jina limeandikwa lote, herufi kumi na tatu, bila kufupishwa. Mama mkwe akaniona naitazama.

"Mchoraji alimshauri aandike 'Duka la Nyama' tu," akasema. "Akajibu kwamba wateja wakicheka mlangoni, wataingia ndani wakiwa wamefurahi."

Nikamtazama Peter. Alikuwa anaangalia kikombe chake. Ndipo nilipoelewa kwamba mama hajui habari ya ile karatasi ya kwenye droo.

Baba mdogo na sanduku lake

Kila ukoo una mtu mmoja mwenye sanduku la makaratasi. Kwao ni baba mdogo wake Peter, fundi mabomba mstaafu. Alipojua tumefunga safari kwa ajili ya swali la mzee wa Tukuyu, alifurahi utadhani ameshinda bahati nasibu. Siku mbili alitufundisha, na mimi mhariri nikatoa kijitabu changu.

Jambo la kwanza nililojifunza: hata Waingereza zamani hawakuwa na majina ya ukoo. Mtu alikuwa John au Alice, imetosha. Baada ya Wanormani kuiteka nchi mwaka 1066, mabwana wakubwa ndio walioanza kubeba majina ya kurithisha, na desturi ikashuka polepole kwa watu wa kawaida. Kufikia mwaka 1400 hivi familia nyingi za Uingereza zilikuwa na jina la ukoo. Serikali nayo ilipenda hivyo, maana ilitaka kodi. Kulikuwa na kodi ya kichwa mwaka 1377, tena 1379, tena 1381, na hiyo ya mwisho ikazua uasi mkubwa wa wakulima. Niliposikia "kodi ya kichwa" nikacheka peke yangu. Babu zetu wakati wa ukoloni waliijua vizuri hiyo.

Majina yenyewe yalitoka sehemu nne. Kuna ya baba, kama Johnson, mwana wa John. Kuna ya kazi, kama Smith, mhunzi. Kuna ya sifa, kama Short, mfupi. Na kuna ya mahali mtu alipotoka, kama Hill. Lancashire inajulikana kwa wingi wa hayo ya mahali. Shamba au kibonde kidogo tu kilitosha kutoa jina la ukoo mzima.

"Na Shufflebottom?" nikauliza, kalamu mkononi.

"Ni mahali," akasema baba mdogo. "Palikuwa na sehemu katika parokia ya zamani ya Bury iliyoitwa Shipperbottom. Ukilivunja kwa Kiingereza cha kale unapata vitu vitatu: kondoo, kijito, na bonde. Ni bonde lenye kijito cha kuoshea kondoo."

Kimya. Peter akainua uso.

"Na makalio je?" akauliza.

"Hayamo. Hayajawahi kuwamo."

Akatueleza. Katika Kiingereza cha kale "botm" ni sehemu ya chini ya bonde, pale tambarare maji yanapopita. Watu wa kule milimani walilitumia sana. Ndiyo maana karibu na Bury kuna mji mzima unaitwa Ramsbottom, bonde la kondoo dume au, kwa maelezo mengine, bonde la vitunguu saumu vya porini. Ndiyo maana kuna watu wanaitwa Winterbottom, bonde la majira ya baridi, na Longbottom, bonde refu. Wapenzi wa Harry Potter mnamkumbuka Neville Longbottom. Na wapenzi wa mpira, kocha wa kwanza kabisa wa timu ya taifa ya Uingereza aliitwa Walter Winterbottom. Alikaa kwenye kiti hicho kuanzia 1946 hadi 1962, akaipeleka timu kwenye Kombe la Dunia mara nne. Hakuna kocha wa Uingereza aliyekaa muda mrefu kama yeye, na jina halikumzuia.

Maana ya makalio ilikuja kuingia kwenye neno hilo mwishoni mwa karne ya 18. Wakati huo majina haya yalikuwa na umri wa mamia ya miaka! Kwa hiyo majina yalikuwa yamekaa kwa heshima zake, neno ndilo lililobadilika chini yake.

Na ile "shuffle" je? Hiyo ni kazi ya masikio. Mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry wa Nane, aliagiza kila parokia iandike ubatizo, ndoa na maziko. Watu wengi hawakujua kusoma. Bwana anataja jina lake, karani anaandika anavyosikia. Huyu anaandika Shipperbottom, yule Shoebotham, mwingine Shufflebotham, mwingine Shufflebottom. Watu walishasahau kwamba lile neno la mwanzo lilikuwa na kondoo ndani yake, sikio likatafuta neno linalolijua, likaokota "shuffle". Serikali ilipoanza kuandikisha vizazi, ndoa na vifo Julai 1, 1837, kila familia ikazidi kubaki na herufi zilizoangukia kwake.

Usifikiri ni mambo ya wazee wa Kizungu tu. Sisi wenyewe tuna Kariakoo. Jina limetokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, kikiitwa "Carrier Corps". Masikio yetu yakalikata, yakalishona upya, na leo ukimwambia mtu wa Dar kwamba anaenda kununua nyanya kambini kwa wapagazi atakushangaa.

Kwa nini basi jina ni adimu? Baba mdogo akasema mbili. Kwanza, mahali penyewe palikuwa padogo, kwa hiyo waliotoka hapo hawakuwa wengi. Pili, watu wanalikimbia. Ukilinganisha na sensa ya mwaka 1881, majina ya Kiingereza yanayochekesha yamepungua, kwa sababu wenyewe wanayabadili au wanawake wanaoolewa hawayataki. Aliposema hivyo nikajifanya naandika kitu.

Lakini si wote waliokimbia. Akatoa picha ya bwana mmoja mwenye kofia pana ya wachunga ng'ombe wa Marekani. Huyo ni William Shufflebottom. Mwishoni mwa karne ya 19, maonyesho ya Buffalo Bill yalipoitikisa Uingereza, naye akajiita Texas Bill, akaanzisha onyesho lake la kurusha visu, kulenga shabaha na kuzungusha kamba. Familia ikaliendeleza kwenye viwanja vya sherehe nchi nzima hadi katikati ya karne ya 20. Miongoni mwao alikuwepo binti, Florence, aliyekuwa akicheza na nyoka na kulenga shabaha kwa bunduki. Habari zao zimehifadhiwa kwenye nyaraka za maonyesho na sarakasi katika Chuo Kikuu cha Sheffield. Nikamwangalia Florence pichani, nikawaza, sasa huyu nani angethubutu kumcheka?

Kijitoni

Siku ya mwisho tulipanda treni ya zamani ya mvuke kutoka Bury hadi Ramsbottom, tukashuka, tukatembea pembezoni mwa mji. Mvua ilikuwa inanyesha, ile nyepesi isiyokatika. Vilima vya kijani, ukungu, maji yanateremka kila mahali. Haki ya nani, ungeniambia niko Rungwe ningekubali, ila migomba na chai ndivyo vilivyokosekana. Badala yake kulikuwa na kondoo.

Baba mdogo akatusimamisha kwenye kijito kimoja. Hakusema ndicho chenyewe, alisema vijito vya aina hii ndivyo vilivyotumika. Zamani, siku kadhaa kabla ya kukata manyoya, watu walikuwa wanaziba maji kidogo, wanaume wanaingia hadi kiunoni, kondoo wanapitishwa mmoja mmoja na kusuguliwa. Sufu iliyooshwa ilipata bei nzuri zaidi. Na sufu ndiyo iliyokuwa dhahabu ya Uingereza ya kale. Hadi leo Spika wa Baraza la Malodi anakalia kiti kilichojazwa sufu, ukumbusho wa utajiri huo.

"Kwa hiyo," akasema yule mzee, "sisi ni watu wa maji na kazi."

Peter, mhandisi wa maji, alichuchumaa akatia mkono kijitoni. Alikaa hivyo muda mrefu, mpaka nikamwinamia nikamshika bega.

"Miaka yote ile," akasema. "Hakuna mtu aliyewahi kuniambia."

Usiku ule alimweleza mama yake habari ya karatasi. Nilikuwa jikoni nakausha vyombo, nikawa nasikia. Mama mkwe hakulia wala hakumlaumu. Alimwambia kwamba baba yake naye akiwa kijana aliijaza karatasi kama hiyo, akaichana siku Peter alipozaliwa, kwa sababu hakutaka kumwanzishia mtoto maisha kwa kukimbia. "Lakini wewe ni wewe," akamwambia. "Hill ni jina la baba yangu. Nalo sitaliona haya."

Mpenzi msomaji, hapo nilijifunza kufunga mdomo. Nilitaka kutoka jikoni na kumwambia Peter asibadilishe. Siku nne tu nyuma nilikuwa nafurahia kuwa Bibi Hill, sasa nataka kuwa mtetezi wa kondoo wa Lancashire! Lakini aliyeburuziwa makalio darasani ni yeye, si mimi. Uamuzi ulikuwa wake. Nikamwambia hivyo, na kwamba jina lolote atakaloamua, mimi nimeshamchagua mwenye jina.

Swali lilinigeukia

Tulirudi Tukuyu mwezi uliofuata. Baba alikaa kwenye kiti kilekile. Peter alikuwa amefanya mazoezi ya Kiswahili chake wiki nzima.

"Mzee," akasema, "jina letu ni bonde la kijito cha kuoshea kondoo. Babu zetu walitoka hapo. Ninabaki nalo."

Baba akanyamaza. Akavua miwani, safari hii akaipangusa macho kwanza kabla ya vioo.

"Kumbe na ninyi ni watu wa bondeni," akasema. Halafu akawageukia wajomba. "Haya, ndugu zangu, kijana amejibu. Ila mkwe wangu, hapa kwetu mahari ni ng'ombe. Kondoo wako kaendelee kuwaosha hukohuko."

Nyumba nzima ikaangua kicheko, na Peter akacheka nao. Nilimtazama vizuri. Kilikuwa kicheko cha kawaida, si kile chake cha kujiwahi.

Basi nikadhani kazi imekwisha. Kumbe yangu ndiyo ilikuwa inaanza. Kamati ya harusi ikaanza vikao, michango ikaanza kuingia, na mwenye kuchapa kadi akanipigia simu: "Dada, hili jina la bwana harusi umehakikisha? Nisije nikachapa kadi 300 halafu mkanigeuka." Kwenye kicheni pati mashoga zangu walinitungia wimbo ambao siwezi kuuandika hapa. Na kila mtu aliniuliza swali moja: utalichukua?

Nilikuwa na jibu zuri la kisomi. Mimi ni mwanamke wa kisasa, nina jina la baba yangu, nimeshaanza kujulikana nalo kazini, na hata Uingereza kwenyewe kuchukua jina la mume ni desturi tu, si sheria. Yote hayo ni kweli, na rafiki zangu kadhaa wamebaki na majina yao kwa sababu hizohizo, nawaheshimu. Lakini usiku mmoja nilifungua lile daftari, nikakuta saini zangu kumi za Bibi Hill.

Nilikaa nazitazama. Hill nilikuwa tayari kulichukua usiku uleule, bila kuwaza kazi wala jina la baba. Kwa hiyo tatizo halikuwa kupoteza jina langu. Ilikuwa aibu, basi. Nilitaka mume wangu aishi ndani ya jina ambalo mimi mwenyewe nisingethubutu kulivaa hata mlangoni.

Kwa hiyo nikafanya hivi: jina la baba sikuliacha, na la Peter nikaliongeza mbele yake. Wasomaji wa siku nyingi mliona jina langu limerefuka ghafla mkadhani ni kosa la chapa. Si kosa. Kuna siku naitwa kwenye foleni ya hospitali na nesi anaishia katikati akikodoa macho. Nainuka tu, nasema, "Ndiye mimi, dada yangu."

Tuntufye

Mwaka 2017 tulipata mtoto wa kike. Baba akampa jina Tuntufye, kwa Kinyakyusa ni "tumsifu". Ukimpeleka Tukuyu, hakuna anayecheka jina la mwisho, lakini wanalikata vipande vipande. Ukimpeleka Bury, hakuna anayecheka jina la kwanza, lakini wanaling'ata ulimi. Bibi yake wa kule aliandika Tuntufye kwenye karatasi akaibandika kwenye friji, akawa anajifunza kulitamka kila asubuhi kabla ya chai.

Alipoanza darasa la kwanza mwaka 2024 sikulala vizuri. Nilikuwa namwona Peter wa miaka minane, na wavulana wa nyuma. Nilimfuata shuleni siku ile ya kwanza, nikasimama dirishani kama mama yeyote mwenye wasiwasi.

Mwalimu akawa anaita majina. Akafika kwake, akasita, akalisoma polepole, na kweli watoto wawili watatu wakacheka, maana lilikuwa refu.

"Jina lako linamaanisha nini, Tuntufye?" mwalimu akauliza kwa upole.

Mwanangu akasimama. "La kwanza ni tumsifu Mungu. La mwisho ni bonde la kuoshea kondoo."

"Kondoo gani?" akauliza mvulana mmoja nyuma.

"Wa babu," akajibu, akakaa.

Na wewe unayejiandaa kuolewa au kuoa: kabla hamjapanga rangi za harusi, muulize mwenzako jina lake limetoka wapi. Kama hajui, nendeni mkaulize pamoja, wazee wangali hai.